Kupatwa kwa Jua kwa Agosti 2027: Mwongozo kwa Mtazamaji wa Afrika Mashariki

Jumatatu ya tarehe 2 Agosti 2027, mchana, Mwezi utapita mbele ya Jua na kulifunika kwa sehemu mbele ya watu wa Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, mashariki mwa Kongo na sehemu kubwa ya Tanzania, ilhali wakazi wa ukanda mwembamba unaoanzia Bahari ya Atlantiki na kupitia kusini mwa Hispania, kaskazini mwa Afrika, Misri, Saudia na Yemeni hadi ncha ya kaskazini-mashariki ya Somalia wataliona Jua likifunikwa lote. Karibu na mji wa Luxor, Misri, giza hilo litadumu dakika 6 na sekunde 23, muda ambao ni mrefu sana kwa tukio la aina hii. Mwongozo huu, hata hivyo, umeandikwa kwa ajili ya yule atakayekuwa nje ya ukanda huo, kwa sababu yeye ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kuumia macho, na kwa sababu sehemu ndogo ya Jua atakayoiona imemegeka ina nasaba ndefu ambayo mwenye kuijua hataitazama kama jambo la bahati nasibu.

Kupatwa kwa Jua hutokea Mwezi unapokuwa kati ya Jua na Dunia, kivuli chake kikaangukia uso wa Dunia. Kivuli hicho kina sehemu mbili: kivuli kizito, ambacho ni eneo dogo linalokosa kabisa nuru ya Jua, na kivuli hafifu, ambacho hukizunguka kile kizito kwa maelfu ya kilomita na ambacho aliye ndani yake huona Jua likiwa limefunikwa upande mmoja tu. Kwa kuwa kipenyo cha Jua ni takriban mara 400 ya kile cha Mwezi, na umbali wake kutoka Duniani nao ni takriban mara 400 ya ule wa Mwezi, viumbe hivi viwili huonekana angani vikiwa na ukubwa unaokaribiana mno, na ndiyo maana kimoja kinaweza kukifunika kingine bila kubakisha kitu. Mwezi hauko umbali uleule siku zote, bali husogea hadi karibu kilomita 356,000 na kurudi nyuma hadi karibu kilomita 407,000. Ukiwa mbali huonekana mdogo na kushindwa kulifunika Jua lote, likabaki pete ya moto kandokando, jambo liitwalo kupatwa kipete, ambalo wakazi wa Rujewa na maeneo mengine ya kusini mwa Tanzania walilishuhudia tarehe 1 Septemba 2016. Mnamo Agosti 2027 Mwezi utakuwa karibu, na kivuli chake kizito kitakuwa kipana.

Kiasi cha Jua kitakachofunikwa kitategemea umbali wa mtazamaji kutoka kwenye ukanda wa giza kamili, ambao katika upande wa kwetu utakuwa kaskazini-mashariki. Kwa hiyo Mandera na Mogadishu zitapata kiasi kikubwa kuliko Nairobi, Mombasa na Kampala, ambako Jua litafunikwa chini ya nusu; Dar es Salaam, Zanzibar na Kigali zitapata kiasi kidogo zaidi ya hicho, na anayeelekea kusini-magharibi zaidi, kwa mfano upande wa Lubumbashi, atakuwa akiukaribia ukingo wa kivuli hafifu, ambapo tukio linafifia hadi kutoweka. Kwa Waswahili wa Oman mambo yako kinyume, kwani wao wako upande wa pili wa ukanda, na huko, Salalah, iliyo kusini, itaona Jua likiwa limemegeka zaidi kuliko Muscat. Kwa saa za Afrika Mashariki, kilele cha tukio kwa Dunia nzima kitakuwa saa saba na dakika saba mchana, wakati kivuli kizito kikiwa juu ya Misri. Kenya na Tanzania zitafikia kilele chao baadaye kidogo, kivuli kikiwa kinashuka kuelekea Bahari ya Hindi, na kabla ya saa kumi alasiri hakutakuwa na mahali popote duniani ambapo Jua bado limefunikwa. Dakika halisi za kila mji zitatofautiana, na inafaa mtazamaji azitafute mapema katika majedwali ya wanafalaki badala ya kukisia.

Swali linalostahili kutangulia mengine ni kwa nini Jua halipatwi kila mwezi, ilhali Mwezi hupita upande wa Jua kila baada ya siku 29 na nusu hivi. Wasomaji wanaofuata kalenda ya Kiislamu wanaujua vizuri wakati huo, kwani ni zile siku za mwisho wa mwezi ambapo Mwezi hauonekani, kabla haujaandama upya. Kupatwa kwa Jua hakuwezi kutokea wakati mwingine wowote, na tukio la 2027 litaangukia mwishoni mwa Mfungo Tano, yaani Safar ya mwaka 1449, kabla ya kuandama kwa Mfungo Sita. Hata hivyo, njia ya Mwezi kuizunguka Dunia imeinama kwa takriban digrii 5 ikilinganishwa na njia ambayo Jua huonekana likiifuata angani, kwa hiyo mara nyingi Mwezi hupita juu au chini ya Jua na kivuli chake hupotelea angani bila kuigusa Dunia. Njia hizo mbili hukatana katika nukta mbili tu, ambazo hapa zitaitwa vifundo, na ni pale Jua linapokuwa karibu na kimojawapo cha vifundo hivyo ndipo Mwezi unaoandama unaweza kulifunika. Jua hukaribia kifundo kila baada ya siku 173 hivi, na hukaa katika ujirani huo kwa muda wa kama mwezi mmoja na siku chache, muda uitwao msimu wa kupatwa. Mwaka 2027 una mfano mzuri wa jambo hili: Jua litapatwa kipete tarehe 6 Februari, likionekana Amerika ya Kusini na Afrika Magharibi, kisha miandamo sita baadaye, msimu wa pili utakapowadia, litapatwa tena tarehe 2 Agosti.

Msimu pekee hauelezi ni tukio gani litarudi, lini na wapi. Wanafalaki wa Babeli ya kale, waliokuwa wakiandika matukio ya angani kwenye vigae vya udongo kizazi baada ya kizazi, waligundua kwamba kupatwa hujirudia baada ya miandamo 223 ya Mwezi, sawa na miaka 18, siku 11 na takriban saa 8. Mzunguko huo leo huitwa sarosi, jina ambalo Mwingereza Edmond Halley alilipa matumizi hayo mwishoni mwa karne ya 17. Nguvu ya sarosi inatokana na mapatano ya hesabu tatu ambazo hazikulazimika kupatana. Miandamo 223 ya siku 29.53 huchukua siku 6,585.32. Mwezi hurudi kwenye kifundo kilekile kila baada ya siku 27.21, na marejeo 242 ya namna hiyo huchukua siku 6,585.36. Mwezi hurudi kwenye nukta ya njia yake iliyo karibu kabisa na Dunia kila baada ya siku 27.55, na marejeo 239 huchukua siku 6,585.54. Maana yake ni kwamba sarosi moja inapokamilika, Mwezi umeandama tena, uko tena karibu na kifundo kilekile, uko tena katika umbali karibu uleule kutoka Duniani, na kwa kuwa zimeongezeka siku 11 tu juu ya miaka kamili, hata majira ya mwaka yanakaribiana. Kupatwa kunakofuata kunakuwa ndugu wa kule kulikotangulia, kwa umbo na kwa urefu.

Zile saa 8 za ziada ndizo zinazoleta tofauti kubwa ambayo wengi huisahau, na kwa kweli ndizo zilizofanya sarosi iwe msaada mdogo kwa mtu wa kale aliyekaa mahali pamoja akingoja Jua lipatwe. Katika saa 8 Dunia hujizungusha theluthi moja ya mzunguko wake, na hivyo kivuli kinaporudi hukuta nchi nyingine imekaa chini yake, iliyo takriban digrii 120 za longitudo upande wa magharibi. Zikipita sarosi tatu, yaani miaka 54 na siku 33 hivi, theluthi tatu hukamilisha mzunguko, na kivuli hurudi katika upande uleule wa Dunia. Wagiriki waliuita mzunguko huu wa mara tatu eksiligmosi, na mashine ya shaba ya Antikythera, iliyoopolewa baharini mwanzoni mwa karne ya 20, ina sahani ya sarosi na nyingine ndogo ya eksiligmosi, ishara kwamba zaidi ya miaka 2,000 iliyopita walikuwapo watu walioziona saa hizo 8 kuwa jambo la kuhesabiwa kwa gurudumu lake maalumu.

Kwa Afrika, na hasa kwa eneo linalozungumza Kiswahili, mzunguko huu una historia inayogusa ardhi yake yenyewe. Tarehe 29 Mei 1919 Jua lilipatwa kikamilifu katika ukanda uliopita Brazili, ukavuka Atlantiki hadi kisiwa cha Príncipe, ukakatiza Kongo hadi eneo la Ziwa Tanganyika na kuelekea Msumbiji. Ndiko huko Príncipe Arthur Eddington alikopiga picha za nyota zilizokuwa karibu na Jua, na picha hizo, pamoja na zile zilizopigwa Sobral nchini Brazili, ziliunga mkono hoja ya Albert Einstein kwamba uzito wa Jua hupinda nuru. Miaka 54 baadaye, tarehe 30 Juni 1973, kivuli kilekile kilirudi Afrika, lakini safari hii kikipita juu zaidi, kutoka Mauritania kupitia Sahara hadi kaskazini mwa Kenya, ambako wanasayansi walipiga kambi Loiyangalani, kando ya ziwa ambalo wakati huo liliitwa Rudolf na leo ni Turkana; siku hiyo ndege ya Concorde iliyobeba vyombo vya uchunguzi ilikimbizana na kivuli juu ya jangwa na kubaki ndani yake kwa dakika 74. Miaka mingine 54 na siku 33 baada ya hapo ni tarehe 2 Agosti 2027. Hivyo anayelitazama Jua akiwa Marsabit au Lodwar mwaka huo atakuwa akitazama kupatwa kulekule ambako wazee wa Turkana walikuona kukigeuza mchana kuwa usiku, ingawa yeye ataona kipande tu.

Kwa nini kipande tu? Kwa sababu mapatano ya hesabu zile tatu si kamili. Kati ya siku 6,585.32 na siku 6,585.36 kuna tofauti ya chini kidogo ya saa moja, na tofauti hiyo humfanya kila ndugu katika familia ya sarosi akute Jua na Mwezi vimesogea kidogo, kwa takriban nusu digrii, kutoka mahali vilipokuwa kuhusiana na kifundo. Katika familia hii, ambayo wanafalaki huiita sarosi ya 136, usogeaji huo unakipeleka kivuli kaskazini kila mara. Mwaka 1919 kilipita Ziwa Tanganyika, mwaka 1973 Turkana, na mwaka 2027 kitapita Luxor, Jeddah na Sana'a, kikiwaachia watu wa ikweta kivuli hafifu. Tarehe 3 Septemba 2081 kitapita Ulaya ya kati na kushuka hadi eneo la Ghuba. Familia yenyewe ilizaliwa kama kijisehemu kidogo cha kupatwa karibu na ncha ya kusini ya Dunia mwaka 1360, ikakua hadi kupatwa kikamilifu, ikafikia giza lake refu kuliko yote, la zaidi ya dakika 7, tarehe 20 Juni 1955, na itafia karibu na ncha ya kaskazini mwaka 2622 baada ya kupatwa mara 71. Zipo familia kama hii zipatazo 40 zinazoishi kwa wakati mmoja, nyingine changa, nyingine zikikaribia mwisho wake, na ni mchanganyiko wa zamu zao unaowafanya watu wasiozijua wadhani kwamba Jua hupatwa ovyo.

Msomaji anaweza kuujaribu mzunguko huu mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Kilele cha ndugu aliyetangulia, aliyeonekana India na China, kilikuwa tarehe 22 Julai 2009, saa 11 na dakika 35 alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki. Ikiongezwa miaka 18, siku 11, saa 7 na dakika 42, jibu ni tarehe 2 Agosti 2027, saa 7 na dakika 17 mchana, ambalo limepishana na hesabu kamili ya wanafalaki kwa dakika 10 hivi tu. Jambo moja la kuangaliwa ni miaka mirefu: ikiwa katika kipindi hicho kuna Februari tano zenye siku 29 badala ya nne, huongezwa siku 10 na si 11.

Elimu hii yote haitamfaa kitu mtu atakayepoteza uwezo wa kuona kwa kuitumia vibaya. Jua lililofunikwa kwa theluthi moja bado linatoa theluthi mbili za nuru yake, na kila sehemu ya uso wake inayobaki wazi ina ukali uleule wa siku zote. Hakuna miale mipya inayozaliwa siku ya kupatwa, bali kuna sababu mpya ya watu kukodoa macho mahali ambapo kwa kawaida hawathubutu. Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, haina neva za kuhisi maumivu, kwa hiyo huungua kimyakimya, na aliyeumia hugundua saa kadhaa baadaye anapoona doa katikati ya kila anachokitazama, doa ambalo huenda lisiondoke. Katika ukanda wa giza kamili kuna dakika chache ambazo macho matupu yanaruhusiwa. Kwa mtazamaji wa Kenya, Tanzania, Uganda au Oman hakutakuwa na hata sekunde moja ya namna hiyo, na kinga ni ya lazima tangu mwanzo hadi mwisho.

Kinga inayofaa ni miwani maalumu ya kupatwa kwa Jua iliyotengenezwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 12312-2, ambayo hupitisha nuru isiyozidi sehemu moja katika elfu thelathini hivi. Anayeivaa akiwa ndani ya nyumba hapaswi kuona chochote, na akiona taa za kawaida au samani, miwani hiyo haifai. Kioo cha fundi wa kuchomelea vyuma chenye namba 14 nacho kinafaa, lakini vile vya namba za chini ambavyo hutumika zaidi katika karakana havitoshi. Miwani ya kawaida ya jua, hata ikivaliwa mitatu kwa pamoja, picha za eksirei, kioo kilichopakwa masizi, mkanda wa filamu na sahani za CD vyote hupitisha nuru au joto kupita kiasi, ingawa baadhi yake huonekana vyeusi. Inafaa kusemwa waziwazi pia kuhusu desturi iliyoenea ya kutazama taswira ya Jua katika karai la maji: maji hurudisha takriban sehemu 2 katika 100 za nuru inayoyaangukia, nazo ni zaidi ya mara 600 ya kile kinachoruhusiwa na miwani salama, kwa hiyo desturi hiyo iachwe, hasa kwa watoto, ambao huweza kukaza macho kwa muda mrefu bila kujua. Darubini na kamera huhitaji kichujio cha Jua mbele ya lenzi, upande unaoelekea angani. Kuvaa miwani ya kupatwa kisha kuchungulia kwenye darubini isiyo na kichujio ni hatari kubwa kuliko kutazama kwa macho matupu, kwa sababu lenzi hukusanya joto likatoboa miwani papo hapo.

Asiye na miwani hana sababu ya kukosa tukio, na kwa shule na misikiti yenye watu wengi njia ya kuakisi ni bora kuliko miwani michache inayogombewa. Karatasi ngumu ikitobolewa tundu dogo kwa sindano na kuinuliwa huku mtazamaji akilipa Jua kisogo, mfano wa Jua huangukia karatasi nyeupe iliyo chini, ukiwa umemegeka vilevile kama Jua lenyewe ila umepinduka. Kila mita moja ya umbali kati ya tundu na karatasi huupa mfano huo upana wa takriban milimita 9. Njia yenye matokeo mazuri zaidi ni kufunika kioo kidogo cha kujitazamia kwa karatasi yenye tundu la milimita 5 hivi, kisha kukitegesha nje ili kirushe nuru kupitia dirishani hadi ukuta wa chumba chenye giza ulio umbali wa mita 10, ambako darasa zima litaona Jua lenye upana wa karibu sentimita 9. Wa kukikodolea macho kioo chenyewe asiwepo. Chini ya mwembe au paa la makuti lenye nafasi ndogondogo, sakafu itajaa hilali nyingi bila mtu kutayarisha chochote, nazo hupigwa picha kwa simu bila hatari yoyote.

Mtazamaji asitarajie giza. Jua likifunikwa chini ya nusu, macho hujirekebisha na mchana huendelea kuonekana kama mchana mwingine, kiasi kwamba asiyearifiwa anaweza kupita njiani bila kugundua lolote; kuku hawatapanda kulala, nyota hazitatokea, na chakula au mimba havitadhurika. Waislamu watakaoswali swala ya kusufu, ambayo huswaliwa tangu Jua linapoanza kupatwa hadi linapoachiwa, watahitaji kuijua dakika ya mwanzo kwa hesabu au kwa mfano wa ukutani, kwa kuwa mwanga wa kawaida hautawatangazia. Mawingu nayo yapangiwe mapema: Agosti ni majira ya baridi na mawingu mengi Nairobi na katika nyanda za juu za kati, ilhali Turkana na sehemu kavu za kaskazini huwa na anga safi zaidi, na pwani, upepo wa kusi huleta mawingu yanayopita vipande vipande na kuacha mianya. Anayeweza kusafiri aelekee kaskazini, ambako atapata faida mbili kwa pamoja, anga iliyo wazi na Jua lililofunikwa zaidi.

Miwani iliyotumika ifutwe kwa kitambaa laini kikavu na kuhifadhiwa ndani ya bahasha mbali na unyevu, kwani isipokwaruzwa wala kutoboka itatumika tena. Tarehe 18 Aprili 1977 Jua lilipatwa kipete katika ukanda uliopita Angola, Zambia, kusini-mashariki mwa Kongo na Tanzania. Kwa kuongeza miaka 54 na siku 33, msomaji atapata tarehe 21 Mei 2031, siku ambayo ndugu wa kupatwa huko, wa sarosi ya 138, atarudi kupita Angola, Kongo, Zambia na Tanzania, na pete hiyo nayo haitazamwi bila kinga.